Msanii Hajulikani

Jumatatu, 10 Machi. Batsinda

Nimefika Kigali nikiwa nimekasirika, na niandike hivyo hivyo. Pale mpakani Rusumo binti mmoja mwenye sare alichungulia mkoba wangu, akatoa mfuko wa nailoni niliofungia daftari hili, akautupa kwenye pipa bila hata kunitazama usoni. Huku haziruhusiwi, akasema. Najua haziruhusiwi, nani asiyejua? Lakini mvua nayo nani ataizuia? Daftari limeingia maji. Kurasa za mwanzo zimejikunja, ndizo hizi ninazoandikia.

Mwenyeji wangu ni Winifred, binti wa kaka yangu Nzeyimana. Anafanya kazi ya ofisi Kicukiro, amepanga nyumba ndogo hapa Batsinda. Ameniuliza nimekuja kufanya nini miezi miwili na nusu. Nimemwambia nimekuja kutazama picha. Miaka thelathini na moja nimefundisha stadi za kazi shule ya msingi kule Ngara, upande wa Tanzania, nikiwachorea watoto chungu na jembe ubaoni, na sijawahi kukanyaga jumba la sanaa hata moja. Sasa nimestaafu. Nitazipitia galeri za mji huu moja moja mpaka mvua ziishe.

"Sawa, shangazi," akasema. "Ila usigombane na watu."

Kwani mimi nagombana na nani?

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sikutoka.

Ijumaa, 14 Machi

Makumbusho ya sanaa ya Kanombe. Nimependa, sikatai. Kuna picha moja ya mvua juu ya mabati nimesimama mbele yake mpaka miguu ikaniuma. Kilichonichefua ni wageni wawili waliokuja, wakaipa picha mgongo, wakajipiga wenyewe kwa simu, wakaondoka. Umetoka kwenu kwa ndege kuja kuigeuzia picha kisogo? Nimewaambia kwa Kiswahili. Hawakuelewa, wakanishukuru.

Jumanne, 18 Machi

Galeri tatu za Kimihurura kwa siku moja, na pikipiki kupanda na kushuka vilima mpaka kiuno kinauma. Wanawake wenye vikapu kichwani, ukuta baada ya ukuta, na wote hawana nyuso. Shingo, kitambaa, kikapu, basi. Nimemuuliza mchoraji mmoja mwenye ndevu zake nzuri, nyuso ziko wapi? Akasema wanunuzi wanapenda hivyo, uso unawasumbua. Nikamuuliza kama mama yake mzazi ana uso. Winifred amecheka niliposimulia, halafu akaona mimi sicheki.

Alhamisi, 20 Machi

Acha niandike taratibu.

Galeri ya leo iko Kacyiru, ya bwana mmoja anaitwa Gisa. Ameweka maonyesho ya imigongo, zile mbao za samadi za kwetu mashariki: unachora kwa mkaa, unachanganya samadi mbichi na majivu, unainua matuta kwa vidole, yakikauka unayasugua kwa jiwe na kuyapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mama yangu, Mukabalisa, alikuwa kwenye kikundi cha wanawake wa kazi hiyo kule Kirehe. Alirudi Rwanda mimi nikiwa nimeshaolewa Ngara, nikabaki. Alifariki mwaka juzi.

Nilikuwa napita tu. Ubao wa mwisho, karibu na dirisha, mrefu kunipita. Nikasoma kwanza kibandiko: *Imigongo. Kirehe. Msanii hajulikani.* Ndipo nikainua macho.

Mama alikuwa na desturi moja. Alichora safu za maumbo ya ncha nne, watoto wangu darasani waliyaita tiara, kwa macho tu, bila rula. Na katika safu ya tatu kutoka chini, tiara ya nne aliiacha wazi juu, mistari haikutani. Alisema ameacha pa kupumulia. Alifanya hivyo kwenye ukuta wa nyumba yetu Ngara nikiwa mtoto. Nikahesabu. Safu ya tatu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Iko wazi.

Nikasogea. Mwisho wa kila tuta pana kibonyo kidogo cha kidole, kinalala upande wa kushoto. Mama alikuwa wa mkono wa kushoto. Nikakijua kidole cha mama yangu! Nikanyoosha mkono.

"Mama, usiguse. Hii iko ya kuangalia tu."

Kuna mama wa makamo anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, analinda ukumbi na kupangusa vumbi. Nikamwambia mimi nina haki ya kugusa, hiki ni kidole cha mama yangu. Akanitazama muda mrefu. Kisha akasema tena, nisiguse.

Hajulikani! Mtu aliyenizaa, aliyejulikana kila kijiji kutoka Rusumo mpaka Nyakarambi, hajulikani! Nililia pale pale mbele ya watu, kwa hasira, na mama wa kiti hakuinuka.

Gisa akaja. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, amekulia Kampala, ana sauti laini na viatu vya gharama. Akaeleza kwamba kikundi kilipovunjika alizinunua mbao zilizobaki stoo, na nyuma ya mbao hapakuwa na jina hata moja. Na huu umeshapata mnunuzi, hoteli moja ya Dubai. Maonyesho yakifungwa, Jumamosi ya tarehe 24 Mei, unaondoka.

Kwa hiyo nina wiki tisa. Ubao huu hautavuka maji bila jina la mama yangu, na nimemwambia hivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Gisa anataka ushahidi. "Mama, nakuheshimu," anasema, "lakini nikiandika jina kwa sababu mtu amelia, kesho atakuja mwingine alie aseme ni wa bibi yake." Ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa huyu. Nimempigia Nzeyimana atafute picha ya kipaimara changu. Tulipigwa mbele ya ule ukuta wa nyumbani.

Jumamosi, 29 Machi

Umuganda, kazi ya jamii ya mwisho wa mwezi. Mtaa mzima tumezibua mfereji. Nimechimba kwa hasira mpaka jirani akaniomba niwaachie na wengine.

Alhamisi, 3 Aprili

Nzeyimana anasema amelitafuta sanduku la picha hakuliona. Hajalitafuta. Namjua tangu tumboni.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nchi inakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari. Mimi na Winifred tumekaa nyumbani. Siandiki.

Jumatano, 16 Aprili

Nimerudi kwa Gisa. Sasa nakwenda kila wiki mara mbili, nakaa mbele ya ubao kama saa moja hivi. Mama wa kiti amehamisha kiti chake kuja karibu na dirisha, ati mwanga. Mwanga gani na hizi mvua? Ananilinda mimi. Nikiinama kutazama vibonyo, na yeye anainama kwenye kiti chake. Ana sura ya mtu anayesubiri nikosee. Salamu tunapeana, zaidi ya hapo hatuna.

Leo wageni wamemzunguka Gisa, anawaambia hii ni sanaa ya wote, haina mtu mmoja, huo ndio uzuri wake. Wakatikisa vichwa kwa furaha. Haina mtu! Nikasema kwa sauti kwamba samadi haijipaki yenyewe. Gisa akatabasamu, akawahamishia chumba cha pili.

Ijumaa, 25 Aprili

Picha imekuja! Mke wa Nzeyimana ndiye aliyeitafuta, akaiona siku hiyo hiyo, akaipiga kwa simu akaituma. Mimi niko katikati na gauni jeupe, miaka kumi na miwili, nimenuna. Na nyuma ya bega langu la kulia, safu ya tatu, tiara ya nne iko wazi.

Nikapanda pikipiki na mvua yake. Gisa akaikuza picha kwenye kompyuta, akaenda kuutazama ubao, akarudi, akaenda tena. Sikumsaidia kwa neno. Mwisho akasema, "Haya. Umenishinda." Atatengeneza kibandiko kipya, na jina litaingia kwenye hati inayokwenda na ubao hotelini.

Nilipotoka mama wa kiti alikuwa anapangusa fremu za mlangoni. Nikamwambia, umeona? Akasema ndiyo, ameona.

Ijumaa, 2 Mei

*Mukabalisa. Kirehe.* Herufi nyeusi, safi. Gisa mwenyewe amekibandika, na mama wa kiti akamshikia rula kisiende upande. Nimepiga picha saba. Winifred amelia ofisini, ameniambia kwa simu. Nzeyimana amejibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, huyo ndiye kaka yangu.

Nilidhani hasira zitaisha leo. Hazikuisha. Nimekaa nikifikiri ni wangapi ambao hawana binti mkorofi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Nimefua, hazikauki.

Jumanne, 13 Mei

Natamani leo isingekuwepo.

Nilikwenda kumsalimia mama, ndivyo ninavyosema siku hizi, Winifred ananitania kwamba nimehamishia kaburi Kacyiru. Mchana mvua ikashuka ya kufunga barabara. Gisa hakuwepo. Mama wa kiti akafunga madirisha, akatoa bakuli lake, akanikaribisha kwenye kibaraza cha nyuma. Ubugali wa muhogo na isombe, kisamvu cha huku. Nikaona aibu kukataa.

Akakata tonge, akaliviringa, akalibonyeza kwa kidole gumba ili lichote mboga. Nikaacha kutafuna. Kidole chake hakina ncha, na kimepinda. Kibonyo kwenye tonge kililala kushoto.

Akala lile, akakata jingine, akabonyeza. Lililala kushoto.

Nikamuuliza kidole kilifanywa nini. Akasema ni panga, zamani, alipokuwa anakatia ng'ombe majani. Wapi? Kirehe. Mvua inapiga mabati, yeye anakula polepole, na alijua ninachokifikiri, naapa alijua. Akanawa mikono, akaifuta vizuri kwa upande wa kitenge chake, akatangulia kuingia ukumbini. Akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole gumba kwenye kibonyo cha mwisho wa tuta, yeye aliyenikataza kugusa kwa miezi miwili. Kikaingia chote. Akahamia cha pili. Kikaingia.

"Mama yako alichora," akasema. "Mkaa na macho, basi. Samadi hakugusa, kifua chake kilikataa ile harufu na majivu. Matuta iko yangu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, niseme kweli. Nilimkasirikia yeye kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Uliingia hapa unalia juu ya mama yako. Ningekuambia nini? Ukasema hiki kidole ni cha mama, nikaacha." Akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Na hukuuliza. Hata kwenye msiba wake mimi ndiyo nilikumiminia maji ya kunawa, haukuniona."

Nilijaribu kukumbuka. Nakumbuka beseni. Nakumbuka birika la bluu. Mkono ulioshika birika siukumbuki.

Nikamuuliza jina lake. Miezi miwili nimeandika mama wa kiti, mama wa kiti, humu ndani, mimi niliyekuja kupigania jina. Anaitwa Illuminée. Anaishi Masaka kwa binti yake, alihamia vidole vilipoanza kuvimba na kikundi kilipokufa. Gisa alimchukua kwa sababu aliweza kupangusa mbao hizi bila kuvunja tuta. Hakumuuliza amejifunzia wapi. Nilitaka kumcheka Gisa kwa hilo, nikakosa uso wa kumchekea.

Na alimshikia rula! Alisimama pale akamshikia rula, nami nikipiga picha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeikuza ile picha ya kipaimara mpaka mwisho. Ukuta wa nyumbani mama aliuchora tu, sasa nakumbuka, matuta aliyainua shangazi yangu, na matuta yake yamenyooka mpaka mwisho. Hayana kibonyo hata kimoja. Nilikuwa na picha hii wiki tatu mkononi. Nilitazama tiara yangu ya nne, nikaona imetosha. Kidole cha mama yangu nilikitunga mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekwenda kwa Gisa nikamweleza yote. Ameshtuka, simnyimi hilo. Amemtazama Illuminée kama mtu aliyekuta mlango mwingine ndani ya nyumba yake. Lakini amekataa kubadili.

"Hati imeshakwenda hotelini," akasema. "Wamenunua kazi ya Mukabalisa. Nikiwaambia walikuwa wengine, watauliza kwa nini wiki ile alikuwa mmoja. Na jina hilo, mama, ulinipa wewe."

Mimi, nisiyemkopesha mtu jibu, nilisimama na mwavuli wangu unachuruzika kwenye sakafu yake. Illuminée akaja na kitambaa akafuta.

Jumatatu, 19 Mei

Winifred anasema niache, bibi angefurahi kuona jina lake. Nimemkaripia, halafu nimemwomba radhi. Si yeye ninayemkasirikia.

Jumatano, 21 Mei

Nimemfuata Illuminée Masaka, siku yake ya mapumziko. Vishamba vidogo, nyumba mpya zinaota katikati ya maharage, matope mekundu mpaka magotini. Nilikuja kumwomba radhi, nikajikuta nagomba tena: kwa nini kikundi hakikuandika majina nyuma ya mbao, kama mafundi wote duniani? Tusingekuwa hapa.

Akasema mama yangu ndiye aliyekataza. Kulikuwa na ugomvi kikundini, kila mtu anataka la kwake litangulie, na mama akasema basi lisiandikwe hata moja. Wakakubali. Walikuwa watano. Walijuana, mnunuzi alijua ni wao, ilitosha.

"Sasa wawili wamekufa, mama yako wa tatu," akasema. "Na Gisa hajui ni sisi. Haitoshi tena."

Jumamosi, 24 Mei

Jua. Mvua zimekwisha, na mimi kesho narudi Ngara.

Nilifika Kacyiru kabla galeri haijafunguliwa. Mafundi wa kufungasha walikuwa wawili, na kreti ya mbao imeshafunguliwa sakafuni. Gisa alikuwa nje na simu yake. Waliushusha ubao ukutani, wakaulaza kifudifudi juu ya mablanketi. Mgongo wake ni mbao tupu, safi. Kibandiko kikabaki peke yake ukutani, *Mukabalisa. Kirehe.* Nilikipigania wiki tano. Nikakibandua kwa kucha, nikakikunja, nikakitia mfukoni.

Kisha nikamwomba fundi makapeni yake anayoandikia kreti. Akanipa, labda kwa sababu ya uso niliokuwa nao. Nikapiga magoti, na magoti yangu si ya kupigiwa. Nikamwambia Illuminée ataje, kwa mpangilio wa kazi, mimi niandike. Mwandiko wangu ni wa ubaoni, husomeka toka dawati la nyuma.

Akaweka kitambaa chake cha vumbi chini. Akasema, Kaze, ndiye alikuwa anakusanya samadi asubuhi. Nikaandika Kaze. Mugeni, wa majivu. Nikaandika Mugeni. Akasema Mukabalisa, wa mkaa, na akanisubiri. Nililiandika kwa ukubwa ule ule wa mengine. Akasema Kaliza, wa rangi.

Hapo Gisa akaingia. Akasimama juu yetu na simu bado iko sikioni, akasoma. Nikangoja apige kelele, na nilikuwa nimejiandaa, jamani, maneno yalikuwa yamepanga foleni. Hakupiga kelele.

"Huko nyuma hakuna atakayeona," akasema. "Mgongo watauelekeza ukutani."

"Kwa hiyo haikudhuru," nikamwambia. Akatoka tena na simu yake.

Najua watauelekeza ukutani. Watakunywa chai mbele yake kule Dubai, na atatajwa mmoja, asiyegusa samadi maisha yake yote, kwa sababu ya ukorofi wangu. Hilo nitalala nalo na kuamka nalo.

Fundi akanyoosha mkono, anataka makapeni yake. Nikahesabu majina. Manne. Nikamtazama Illuminée.

"Wamekwisha," akasema.

"Na wewe?"

"Mimi iko mbele," akasema, na akaonyesha ubao kwa kile kidole. "Vidole vyangu iko huko, tuta zote. Acha wafunge."

Nikamwambia anyamaze. Nikaliandika la tano, kwa hasira, kubwa kuliko la mama.